Chakula cha Mtu Anayeacha Pombe: Somo kwa Mkulima Anayeajiri Vibarua

Najua wengi mnasubiri somo la wadudu wa maharage, na litakuja. Leo naomba tuzungumze kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya bwana shamba, ila kinatula fedha msimu hadi msimu: watu wetu wa shamba wanaolewa, na chakula kinavyoweza kumsaidia mtu aliyeamua kuacha asirudi alikotoka.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa huku Keza, analima mahindi na maharage ya kuuza, alinipigia simu. "Shikamoo bwana shamba. Yule kibarua wangu wa siku zote ameapa kuacha gongo. Leo siku ya pili hajagusa. Anatetemeka mikono, jasho linamtoka, chakula hakipiti. Mke wangu kamkorogea uji, kaukataa. Nimpe nini apate nguvu? Jumatatu tuna palizi."

Nilimjibu palepale: mpeleke kituo cha afya kwanza, habari ya uji baadaye. Kisha nikaona swali lake linahitaji somo zima. Ndani yake mna maswali mawili ambayo wengi wetu tunayachanganya: lini mtu huyu anahitaji chakula, na lini anahitaji daktari.

Mimi si daktari. Ninayoyaandika nimeyapata kwa waganga na kwa maafisa lishe tunaokwenda nao vijijini, nikayapima na niliyoyaona mashambani. Neno la leo ni fupi: chakula peke yake hakitibu ulevi, lakini tumbo tupu huvunja uamuzi wa kuacha. Na wewe mwajiri ndiye mwenye uwezo juu ya tumbo hilo kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana.

Kwa nini jambo hili ni la mkulima wa biashara

Mkulima wa biashara ana desturi moja mbaya. Anauza kizuri, anakula masalia. Maharage mazuri yanakwenda kwa mnunuzi, mayai yanakwenda mnadani, parachichi linapakiwa kwenye kreti, na nyumbani unabaki ugali wa sembe na mchuzi mwepesi. Kibarua naye hali yake ni mbaya zaidi. Anatoka kwake bila kula, analima mpaka mchana, analipwa, na njiani kurudi anakutana na kilabu kabla hajakutana na jiko.

Wapo pia wanaolipa kazi kwa pombe. Ndoo ya pombe ya ndizi inawekwa pembeni ya shamba, watu wanapiga jembe na kikombe. Hiyo ni desturi ya zamani ya kusaidiana, na zamani ilikuwa na heshima yake. Lakini leo wewe unafanya biashara. Ukimlipa mtu mwenye uraibu kwa pombe, umemlipa kwa kitu kile kile kinachomfanya kesho asije kazini.

Na tusijifanye hili ni la vibarua tu. Bei ya mazao ikianguka, mkopo ukikaribia tarehe yake, mwenye shamba naye huanza kutafuta usingizi kwenye chupa. Viroba vilipigwa marufuku nchini tangu Machi 1, 2017, lakini chupa ndogo zipo na gongo lipo. Kwa hiyo soma somo hili kwa ajili ya mtu wako wa kazi, na pia kwa ajili yako mwenyewe.

Pombe mwilini ni kama tindikali kwenye udongo

Mnakumbuka somo la udongo wenye tindikali? Unamwaga DAP mfuko mzima, lakini mmea bado una majani ya zambarau kwa kukosa fosforasi. Mbolea ipo ila udongo umeishika, mizizi haiipati. Ndiyo maana tunaanza na chokaa.

Mwili wa mlevi wa kila siku uko hivyo hivyo. Kwanza, pombe ina nishati nyingi, kalori 7 kwa kila gramu, wakati wanga una 4 tu. Kwa hiyo inashibisha na kuua hamu ya kula, lakini haina protini na vitamini zake ni chache au hazipo kabisa. Pili, hata kile kidogo anachokula hakifyonzwi vizuri, kwa sababu pombe inaharibu utumbo na kulichosha ini. Tatu, anakojoa sana, na madini kama magnesiamu na zinki yanatoka naye.

Kitu kinachoisha haraka kuliko vyote ni vitamini B1. Mwili hauna ghala kubwa la vitamini hii. Akiba yake ni ya wiki mbili au tatu tu. Mwanaume mzima anahitaji takriban miligramu 1.2 kwa siku. Ni kiasi kidogo mno, lakini bila hicho ubongo hauwezi kugeuza sukari kuwa nguvu. Ni sawa na trekta lenye dizeli tangi zima lakini pampu ya dizeli imekufa.

Daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza mwaka 1881 dalili tatu zinazoonekana ubongo ukiharibika kwa njia hii, na mpaka leo tatizo lina jina lake: kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza au kuona vitu viwili, na kuyumba wakati wa kutembea. Sasa fikiria kilabuni. Mtu akiyumba na kuongea ovyo, watu wanasema, "Huyo kalewa, mwacheni alale." Kumbe hajanywa tangu jana, na ubongo wake unaungua kwa kukosa vitamini ambayo hospitali inayo kwa sindano. Akicheleweshwa, kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja. Kwa hiyo mtu anayeyumba bila kunywa usimwache alale. Mkimbize hospitali.

Ubongo nao unakula

Watu wengi wanafikiri hasira, woga na huzuni za mtu anayeacha pombe ni tabia mbaya au ni mapepo. Sehemu kubwa ni mwili unaodai.

Mtu aliyezoea pombe akikaa saa nyingi bila kula, sukari ya damu inashuka. Anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anakuwa mkali, kichwa kinazunguka. Dalili hizo zinafanana sana na hamu ya pombe. Yeye mwenyewe hajui kuzitofautisha, anasema tu "nasikia arosto," anakwenda kunywa. Mara nyingine alichohitaji ni sahani ya ndizi na maharage.

Halafu kuna protini. Kemikali za ubongo zinazotuliza moyo na kuleta usingizi zinatengenezwa kutokana na vipande vya protini tunayokula kwenye maharage, mayai, maziwa, dagaa na karanga. Upungufu wa madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini B12 nao unaleta uchovu na huzuni inayoweza kufanana kabisa na sonona.

Na hili halijaishia kwenye nadharia. Mwaka 2017 nchini Australia yalitoka matokeo ya jaribio lililoongozwa na Profesa Felice Jacka. Watu 67 wenye sonona ya wastani hadi kali waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi moja lilisaidiwa kubadili chakula: mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, samaki. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza naye. Mwisho wake, karibu theluthi moja ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, na kundi la mazungumzo ni asilimia 8. Jaribio lilikuwa dogo, halikuhusu walevi, na wengi wao waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Lakini angalia orodha ile ya vyakula, kisha angalia shamba lako. Ukiacha mafuta ya zeituni, karibu vyote unaweza kuvipata hapa Ngara na Biharamulo.

Siku tano za mwanzo: usifanye ya nyumbani

Hapa ndipo naomba usome polepole.

Mtu anayekunywa kila siku kwa miaka, akikata ghafla, anaweza kufa. Si kwamba namtisha asiache. Aache, ila aache akiwa anaangaliwa. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya siku ya kwanza. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanasikia sauti, homa inapanda, wanapigana na watu wasiokuwepo. Hiyo ni dharura kama ya ajali ya bodaboda.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona lolote kati ya haya:

1. Degedege, hata mara moja.
2. Kuona au kusikia visivyokuwepo.
3. Kuyumba, macho kuchezacheza, kuchanganyikiwa.
4. Kutapika mfululizo, asiweze hata kushikilia maji.
5. Macho ya manjano, tumbo au miguu kuvimba, kutapika damu, choo cheusi.
6. Kusema anataka kufa.

Na kama aliwahi kupata degedege alipoacha safari iliyopita, usisubiri dalili. Anza na hospitali kabla hajaacha. Kwa watu wa Ngara kuna Murgwanza na Rulenge. Kwa Biharamulo kuna hospitali ya wilaya. Usiku ukiwa mbali, anza na zahanati iliyo karibu, watakuandikia rufaa. Unaweza pia kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Ukifika, sema ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Usione aibu kusema gongo. Mganga hakuja kukamata mtu.

Kuhusu chakula katika siku hizi, mambo ni matatu tu. Usimpe chochote mdomoni mtu mwenye degedege au asiyejitambua, atapaliwa. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula usimshindilie sahani kubwa wala soda tatu kwa mkupuo. Mwili uliokonda kwa njaa ukijazwa ghafla unaweza kuzidiwa, hata moyo ukasumbuka. Na wa aina hiyo hospitali humpa vitamini B1 kwanza, kisha chakula kinaongezwa taratibu. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana habari ya uji ni baadaye. Alimpeleka. Kibarua alilazwa siku nne, palizi ilifanywa na watu wengine, na shamba halikufa.

Kuanzia anaporuhusiwa: wiki ya kwanza nyumbani

Hapa sasa jiko ndilo linachukua zamu. Kanuni ni kidogo kidogo na mara kwa mara. Badala ya milo miwili mikubwa, ale mara tano au sita. Hamu ya kula itarudi polepole, usimgombeze.

Asubuhi kabla hajatoka: uji wa dona uliotiwa karanga zilizosagwa, na maziwa kama yapo. Saa nne: ndizi mbivu au kiazi lishe na yai. Mchana: ndizi au ugali wa dona, maharage, mboga ya majani. Alasiri: parachichi au papai na karanga za kutafuna. Jioni mapema, kabla ya saa ya kilabu kuchangamka: mlo kamili tena, na dagaa. Kabla ya kulala: kikombe cha uji au maziwa, kwa sababu sukari ikishuka usiku anaamka na woga na jasho.

Ule mlo wa jioni mapema ndio ninaousisitiza kuliko yote. Wenzetu wa vikundi vya AA, yaani vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, hufundishana kuchunga mambo manne yanayomrudisha mtu kunywa: njaa, hasira, upweke na uchovu. Angalia kibarua wako saa kumi na mbili jioni ana mangapi kati ya hayo. Mara nyingi ana yote manne. La kwanza unaweza kuliondoa kwa sahani moja, na la tatu nalo likaondoka kama mmekula pamoja.

Maji nayo. Anywe maji kutwa nzima. Kahawa na chai ya rangi apunguze katika wiki hizi, maana huongeza kutetemeka na kufukuza usingizi. Najua hapa ni nchi ya kahawa, lakini kikombe kimoja asubuhi kinatosha.

Anayeacha bangi hupoteza hamu ya kula na usingizi kwa wiki moja au mbili. Naye ale kidogo kidogo, itapita. Anayetumia heroini ana njia yake: dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na sasa inapatikana hadi Mwanza. Hiyo haihusu pombe. Ila anayeitumia mara nyingi hufunga choo, kwa hiyo mboga, matunda, dona na maji ni vyake pia.

Makosa manne ya jikoni

Kosa la kwanza ni sembe. Mashine ikikoboa mahindi, inaondoa pumba na kiini, na humo ndimo vitamini B1 nyingi ilimo. Jambo hili dunia ililijifunza kwa kuku. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa wakilegea miguu, na waliporudishiwa mchele usiokobolewa wakapona. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Wewe mfugaji unampelekea nguruwe pumba, nguruwe anang'aa, halafu kibarua unampa sembe. Fikiria.

Kosa la pili ni magadi kwenye maharage. Yanalainisha haraka na kuokoa kuni, sawa, lakini magadi yanaua vitamini B1. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive vizuri. Kuni utaziokoa hivyo hivyo.

Kosa la tatu ni kuchemsha mboga saa nzima kisha kumwaga maji. Asidi ya foliki inakwenda na maji. Mchicha na matembele vikate vikubwa, dakika chache tu na mafuta kidogo. Kisamvu ndicho kinachohitaji kutwangwa na kuchemshwa sana, kwa sababu ya sumu yake.

Kosa la nne ni chai ya rangi pamoja na chakula. Inazuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasifyonzwe. Kunywa saa moja baadaye, na ndani ya mlo weka limao, chungwa au papai, ambavyo vinasaidia chuma kuingia.

Chakula cha shambani ni pembejeo

Sasa tuje kwenye hesabu, maana nyie ni wafanyabiashara. Una vibarua 10. Mlo mmoja wa saa nne au wa mchana: unga wa dona kilo 2, maharage makavu kilo 1, dagaa robo kilo, mafuta kidogo, nyanya, kitunguu na fungu la mboga kutoka bustanini. Weka bei za soko lako la leo, jumlisha, gawa kwa 10. Kisha jiulize: siku moja ya palizi ikichelewa kwa sababu watu watatu hawakuja, unapoteza kiasi gani? Fanya hesabu hiyo wewe mwenyewe, usiniamini mimi.

Maharage hayo kilo moja yana zaidi ya gramu 200 za protini. Ukipanda mbegu zilizoongezewa madini ya chuma na zinki kama Selian 14 na Selian 15 za TARI, unapata zaidi kwa sufuria lile lile. Viazi lishe kama Kabode na Mataya vinaleta vitamini A. Tenga kipande cha mita 10 kwa 10 karibu na maji, weka mchicha, sukuma, matembele na nyanya, kiwe cha jiko la shamba na kisiuzwe. Andika kwenye daftari la matumizi pamoja na mbolea.

Malipo nayo yana utaratibu. Lipa fedha, usilipe pombe. Lipa baada ya watu kula. Na kama mtu mwenyewe ameomba, kwa hiari yake, sehemu ya ujira unaweza kumtumia mke wake au mama yake kwa simu, au kumlipa kwa wiki. Asipoomba, fedha ni yake, usimshikie. Heshima nayo ni dawa.

Wazo la kuchanganya kazi, chakula na utaratibu si geni Tanzania. Hospitali ya Lutindi, Korogwe mkoani Tanga, imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi za bustani, shamba na mikono ni sehemu ya maisha ya wagonjwa pale. Baada ya uhuru vikaanzishwa pia vijiji vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo karibu na Dodoma, ambako wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu walilima huku wakitibiwa. Kazi inampa mtu sababu ya kuamka. Ila iwe kazi yenye ujira na kipimo. Mtu wa wiki ya kwanza mpe kuchambua mbegu au kumwagilia kitalu. Kuchimba mashimo ya migomba juani bado.

Na migomba ya pombe je?

Mtaniuliza, bwana shamba, unataka tung'oe migomba ya pombe? Hapana. Najua pombe ya ndizi inasomesha watoto, na akina mama wengi wa kata zetu wanaishi kwa mtungi huo. Sitasimama hapa kumhubiria mtu anayelipia sare za shule.

Ninachosema ni cha kibiashara. Ndizi za pombe za aina ya kayinja ni miongoni mwa zinazoshambuliwa sana na mnyauko bakteria, ugonjwa ulioingia Kagera mwaka 2006, kwa sababu wadudu hutembelea ua dume na kubeba vimelea kutoka mgomba hadi mgomba. Shamba la aina moja ni kamari. Gawa: sehemu ibaki, sehemu weka za kupika, sehemu weka za kula mbivu kama Yangambi Km5. Popote zilipo, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara kichane cha mwisho kinapojitokeza. Ukifanya hivyo, shamba lako linalisha jiko pia, na mtu anayeacha pombe anayefanya kazi kwako hashindi kutwa nzima akikata mikungu ya kilabuni. Huyo mpangie kazi nyingine.

Akirudi nyuma

Atarudi? Inawezekana. Nimeona kijana aliyekaa miezi mitano bila tone, akaanguka siku ya msiba wa kaka yake, akanywa siku mbili. Mwajiri wake hakumfukuza wala hakumpa hotuba. Alimwita, akamwekea chakula, akamuuliza, "Tunakwenda kituo cha afya leo au kesho asubuhi?" Walikwenda. Akaanza kuhesabu upya.

Kuanguka hakumaanishi uji na maharage havikufanya kazi. Mche ukinyauka kwa jua la wiki moja hung'oi shamba lote.

Jambo moja la mwisho, na hili ni la usalama. Mtu mwenye sonona, mwenye madeni au anayehangaika na pombe asiishi chumba kimoja na viuatilifu. Funga dawa zote za shamba kwenye stoo yenye kufuli, ufunguo ubaki na mtu mwingine. Usihifadhi dawa kwenye chupa za soda wala za konyagi. Na mtu akikwambia amechoka kuishi, usimwache peke yake wala usimwambie "jikaze mwanaume." Kaa naye, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kazi ya wiki hii

1. Piga hesabu ya mlo wa vibarua 10 kwa bei za sokoni kwako, uandike kwenye daftari.
2. Badilisha unga wa shamba kutoka sembe kwenda dona, na ondoa magadi jikoni.
3. Pima mita 10 kwa 10 za bustani ya jiko.
4. Weka kufuli kwenye stoo ya dawa.
5. Andika ukutani namba ya zahanati yako na 199.
6. Kama yupo mtu kwako anayetaka kuacha, muulize anakunywa nini na kwa muda gani, kisha mpeleke akapimwe kabla hajakata.

Kikundi chochote cha Keza au kata za jirani kinachotaka tufanye somo hili kwa vitendo, mpishi na sufuria vikiwepo, kinialike. Nitaomba afisa lishe tufuatane. Somo lijalo ni funza wa maharage, kama nilivyoahidi.